Ekru inalegea, bulo inakatika: kutatua matatizo ya vifungo kwenye magari ya zamani ya Goma

Malalamiko yanayofika kwenye garaji za Goma kuhusu magari ya zamani yanafanana. Ekru ya kardani imelegea tena wiki mbili baada ya kukazwa. Gujo za gurudumu zimekatika njiani. Ekzosi inapiga kelele kwa sababu ekru mbili zimedondoka. Rotuli inazunguka pamoja na ekru yake. Mwongozo huu unayafuata malalamiko hayo moja baada ya jingine, na kila mara unaanza na chanzo kinachopatikana zaidi na ukaguzi usiohitaji vifaa vingi. Kwa msomaji wa mbali: ekru ni nati, bulo ni bolti, rondele ni washa, na gujo ni bolti isiyo na kichwa, iliyopandwa ndani ya chuma. Kle ni spana, kriki ni jeki, kardani ni shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli, rotuli ni kiungo cha duara cha usukani (ball joint), lame ni springi za majani, na rulima ni beringi.

Kabla ya kununua ekru yoyote, shika jambo moja. Bulo iliyokazwa hunyooka kidogo, na mvuto wa kunyooka huko ndio unaobana vipande pamoja. Bulo ya M10 (unene wa mm 10) ya daraja 8.8 (namba ya nguvu yake, inaelezwa mbele) ikikazwa kwa Nm 49 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) inabana kwa nguvu ya karibu tani 2.6. Lakini ikiwa imeshika vipande vyenye unene wa mm 40, kunyooka kwake hakufiki hata mm 0.1, yaani unene wa karatasi ya daftari. Ndiyo maana tabaka la rangi lililobaki chini ya ekru, likishapondeka, linatosha kuumaliza mvuto wote. Ekru ya kujifunga, ya aina yoyote, inazuia kifungo kisijizungushe. Mvuto ambao haukuwepo tangu mwanzo haiwezi kuuleta.

Goma inaongeza shida mbili. Barabara za mawe ya lava zinatikisa gari kwa upande, na mtikiso wa upande ndio unaofungua ekru kuliko mwingine wote. Pia gesi ya salfa ya volkano za Nyiragongo na Nyamulagira ikichanganyika na mvua inafanya maji kuwa na asidi, na asidi inakula zinki iliyopakwa juu ya bulo. Kifungo kilichokuwa kinang'aa dukani kinaanza kutu mapema.

Ekru inalegea tena baada ya kukazwa

Anza na kalamu ya rangi. Safisha kifungo, kikaze kwa kipimo, kisha chora mstari mmoja unaopita juu ya ncha ya bulo, juu ya ekru, hadi kwenye chuma kilichofungwa. Tembeza gari kilomita 70 hivi, kama kwenda Rutshuru, kisha tazama. Mstari ukikatika kati ya ekru na bulo, ekru imejizungusha: tafuta shida kwenye aina ya kujifunga. Mstari ukiwa mzima lakini kifungo kimelegea, hakuna kilichozunguka: kitu kimepondeka au kimenyooka. Hizi ni shida mbili tofauti, na kubadilisha ekru hakuponyi ile ya pili.

Chanzo cha kwanza, na kinawashinda vingine vyote kwa wingi, ni uchafu kati ya vipande: rangi, kutu, grisi kavu, gasketi ya zamani, wakati mwingine rondele tatu zilizopangwa ili kujaza nafasi. Fungua, kwangua hadi chuma kitupu mahali ekru na kichwa cha bulo vinapokalia, tumia rondele moja ngumu, kaza tena. Rangi inapakwa baada ya kukaza.

Cha pili ni ekru ya nailoni iliyochoka. Ile pete ya plastiki inashika kwa sababu nyuzi za bulo zinajichongea njia ndani yake. Ikifunguliwa na kufungwa mara kadhaa, njia inabaki wazi. Kipimo chake ni vidole: ukiweza kuizungusha kwa vidole baada ya nyuzi kuingia kwenye nailoni, itupe. Kwenye kardani, usukani na viungo vya chini usisubiri kipimo hicho, weka mpya kila unapofungua. Bulo za kardani ya Land Rover ni za 3/8 UNF, na ekru zake za nailoni ni nne kila upande. Nunua kumi, mbili zibaki kwenye sanduku. Hakikisha pia nyuzi mbili nzima zinatokeza juu ya nailoni. Bulo fupi inayoishia ndani ya plastiki haijafungwa. Na usiweke ekru ya nailoni kwenye bulo iliyotobolewa kwa ajili ya pini, kwa sababu kingo za tundu zinaikata nailoni wakati inapopita.

Cha tatu ni kuitegemea rondele ya springi. Wengi wamefundishwa kwamba inafunga. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwa mashine ya kutikisa kwa upande jinsi vifungo vinavyojizungusha mvuto ukipungua, na majaribio ya namna hiyo yameiweka rondele ya springi mahali pabaya: ikishabanwa ikawa bapa, haina kazi kubwa tena. Kwenye betri au kifuniko cha taa inaweza kubaki. Kwenye kardani, bridi za lame na usukani, badilisha mfumo.

Cha nne ni kuchagua aina isiyolingana na mahali. Mahali pakavu na baridi, ekru ya nailoni inatosha; mpaka wake ni nyuzijoto 120 hivi. Karibu na ekzosi, turbo au diski ya freni inayopata moto, weka ekru ya chuma tupu ya kujibana, ile ambayo sehemu yake ya juu imebonyezwa kidogo isiwe duara kamili. Kiungo kinachozunguka au chenye hatari ya kifo kikifunguka kinataka ekru ya meno na gupiye, ile pini ya miguu miwili. Kinachopaswa kurekebishwa urefu, kama ncha za fimbo ya usukani, kinataka kontra-ekru, yaani ekru ya pili inayoibana ya kwanza. Ukitumia ekru mbili, nene na nyembamba, nyembamba inatangulia kukaa kwenye chuma na nene inakuja juu yake, kwa sababu ile ya juu ndiyo inayobeba mzigo wote. Watu wengi wanazipanga kinyume.

Cha mwisho ni bulo iliyokwisha kunyooka au tundu lililopanuka. Pitisha ekru mpya, isiyo ya kujifunga, kwa vidole juu ya nyuzi zote. Ikipita vizuri kisha ikabana mahali fulani katikati, bulo imenyooka hapo na haifai tena. Ilinganishe pia na mpya, nyuzi kwa nyuzi, dhidi ya mwanga.

Bridi za lame, zile bulo zenye umbo la U zinazoshika lame kwenye ekseli, zinahitaji neno lake. Zinanyooka kuliko bulo nyingine, na lame zenyewe zinajipanga upya baada ya kufungwa. Ukifungua lame za Land Cruiser BJ40 au HJ60, weka bridi mpya na ekru mpya, kaza kwa msalaba hatua kwa hatua gari likiwa limekaa juu ya magurudumu yake, kisha kaza tena baada ya kilomita 500. Ukiona ekseli imesogea hata kidogo kwenye kiti cha lame, au bulo ya katikati ya lame imekatika, gari lisimame hapo hapo. Ekseli iliyohama inaligeuza gari lenyewe barabarani, na kuipanga upya ni kazi ya garaji yenye kriki nzuri na vipimo.

Ekru inaingia kwa wepesi mno, au inakataa katikati

Karibu kila mara, mifumo miwili ya nyuzi imechanganywa. Land Rover Series I imejaa nyuzi za Kiingereza, BSF na Whitworth. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Canada zilikubaliana mfumo mmoja, ule wa UNF na UNC, na ndio unaotawala kwenye Series II na III, ingawa BSF chache zimebaki. Kwenye Defender, UNF na milimita zinaishi pamoja ndani ya gari moja. Toyota, Peugeot, Mercedes na Volkswagen ni milimita, lakini hata hapo kuna mtego: Toyota inapenda M10 yenye hatua (umbali kutoka uzi mmoja hadi mwingine, kwa milimita) ya 1.25, wakati M10 ya kawaida ya Ulaya ni 1.5. Bulo ya Mercedes W123 haitaingia kwenye tundu la Land Cruiser hata zikiwa na unene uleule.

Namba za kuweka ukutani garajini:

- M8: mm 8.0, hatua 1.25. Bulo ya 5/16: mm 7.94, UNF nyuzi 24 kwa inchi, BSF 22, UNC na Whitworth 18.
- M10: mm 10, hatua 1.5 au 1.25. Bulo ya 3/8: mm 9.53, UNF 24, BSF 20, UNC na Whitworth 16.
- M12: hatua 1.75, 1.5 au 1.25. Bulo ya 1/2: mm 12.7, UNF 20, BSF 16, UNC 13, Whitworth 12.

Ukizisoma utaona hatari. Ekru ya M8 na bulo ya 5/16 zinatofautiana kwa unene usioonekana kwa macho. Ekru inashika mizunguko miwili, inakwama, na fundi mwenye haraka anaisukuma kwa kle ndefu. Nyuzi zimekatwa na hajui. Mbaya zaidi ni UNC na Whitworth za 3/8: zote zina nyuzi 16, zinaingiana hadi mwisho, lakini pembe ya nyuzi ni 60 kwa moja na 55 kwa nyingine, hivyo zinagusana sehemu ndogo tu.

Ukaguzi ni huu. Ekru ya kawaida iingie kwa vidole hadi mwisho. Ya kujifunga iingie kwa vidole hadi inapofika sehemu ya kubana. Ikikataa kabla ya hapo, simama. Pima unene kwa pie-a-kulis (kalipa), kisha weka bulo unayoijua ubavuni mwa ile usiyoijua na utazame dhidi ya mwanga: nyuzi ziingiane bila kuacha pengo popote. Kipimo cha nyuzi, ile michano ya chuma iliyokunjwa kama kisu, kinafanya kazi hiyo kwa sekunde chache, na garaji inayoshika Land Rover isikose kuwa nacho.

Kichwa cha bulo nacho kinasaidia. M10 ya Toyota inachukua kle 14, ya Kijerumani ya zamani inachukua 17. M8 ya Toyota ni kle 12, ya Kijerumani 13. Bulo ya 3/8 UNF inataka kle ya 9/16, ambayo ni mm 14.3: kle 14 haiingii, kle 15 inacheza na kula pembe. Ukikuta kichwa kimeliwa pembe kwenye Land Rover, mara nyingi kle 15 ilishapita hapo.

Nyuzi zikiwa zenyewe lakini zimejaa kutu au rangi, pitisha kisafisha-nyuzi cha saizi hiyohiyo, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, na mafuta kidogo.

Simama kabisa kwenye mabomba ya freni. Kifungo cha 3/8 UNF cha bomba la zamani kinaingia ndani ya tundu la M10 hatua 1.0 na kinaonekana kama kimekaza, ila kimeshika nusu ya nyuzi. Mguu ukikanyaga kwa nguvu kwenye mteremko, kinang'oka. Bomba lisilojulikana lipelekwe kwa fundi wa freni likiwa pamoja na silinda yake.

Gurudumu linalegea au gujo zinakatika

Tazama kwanza sehemu ambayo ekru inakalia. Rimu za chuma za Toyota zinataka ekru ya koni. Mercedes na Volkswagen wanatumia bulo zenye kalio la mviringo. Rimu nyingi za alumini za Toyota zinataka ekru ya shingo ndefu yenye rondele bapa. Ekru ya koni kwenye kalio la mviringo inagusa pete nyembamba tu ya chuma. Inakaza vizuri leo, kesho pete imepondeka na gurudumu linacheza. Gari likibadilishiwa rimu, ekru nazo zibadilike.

Pili, safisha uso wa rimu na wa ngoma. Rangi mpya nene kwenye rimu ni chanzo kikubwa cha gurudumu kulegea siku ya kwanza. Tatu, namna ya kukaza: zungusha zote kwa vidole, zikaze kidogo kwa mpangilio wa nyota gurudumu likiwa hewani, shusha gari, maliza kwa kle dinamometriki (spana inayopima Nm), kisha rudia baada ya kilomita 50 hadi 100. Bulo za M12×1.5 za W123 ni Nm 110. Land Cruiser za mfululizo wa 40, 60 na 70 za zamani nazo ni M12×1.5, gujo sita kwa gurudumu. Kipimo chake kichukue kwenye kitabu cha gari lenyewe. Bomba la mita moja na mtu kusimama juu yake linazidi kipimo mara kadhaa. Linainyoosha gujo, na gujo iliyonyooka inakatika siku nyingine, mbali na garaji.

Kwenye Land Rover angalia mwaka. Za zamani zina gujo za 9/16 BSF, za baadaye M16×1.5, na ngoma zinabadilishana kati ya magari. Inawezekana kabisa gari moja likawa na aina mbili, mbele na nyuma.

Ekru ikikataa kufunguka upande wa kushoto wa gari, tazama ncha ya gujo kabla ya kuongeza nguvu. Herufi L inamaanisha nyuzi za kushoto: inafunguka kwa kuzungusha upande wa kukazia. Utazikuta kwenye malori na kwenye baadhi ya magari ya zamani ya Kimarekani.

Gari lisitembee ikiwa tundu za rimu zimekuwa za yai, ikiwa gujo mbili zimekatika kwenye gurudumu moja, au ikiwa ekru imechomelewa kwenye gujo yake. Rimu ya tundu za yai haichomelewi wala kupanuliwa. Inatupwa. Usipake grisi kwenye nyuzi za gurudumu wala frenfile (gundi ya kufungia nyuzi): karibu asilimia 90 ya nguvu ya kukaza inaliwa na msuguano, kwa hiyo ukiupunguza msuguano kwa grisi, Nm zilezile zinaivuta gujo kupita uwezo wake.

Rotuli inazunguka na ekru, au gupiye haiingii

Pini ya rotuli ni ya koni, na inashikwa na tundu la koni. Ikizunguka wakati wa kukaza, koni haijakaa: kuna grisi au kutu ndani ya tundu, au rotuli siyo ya gari hilo. Safisha tundu na pini vikauke, kisha bana kwa kriki chini ya mkono, au kwa klempu, huku ukizungusha ekru. Ekru ya nailoni ikiendelea kuizungusha pini, tanguliza ekru ya kawaida ya nyuzi hizohizo ili koni ikae, itoe, weka ya nailoni.

Kwa ekru ya meno sheria ni moja. Fikisha kipimo, kisha endelea mbele hadi mfereji ulingane na tundu. Kurudisha nyuma ili gupiye iingie kunaondoa mvuto uliokwisha kuujenga. Volkswagen Kobe (Beetle) ni mfano mzuri: ekru ya ekseli ya nyuma, kle 36, inataka takriban Nm 300, kisha mbele hadi tundu linalofuata. Ikikazwa kwa makadirio, meno ya ngoma yanajila kwenye ekseli, na ngoma inatupwa.

Kuna mahali sheria hii haifanyi kazi. Rulima za magurudumu ya mbele hazikazwi kama kiungo, zinarekebishwa. Land Cruiser na Land Rover nyingi zina ekru mbili zenye rondele ya kukunja katikati: ya ndani inaweka nafasi ya rulima, ya nje inaifunga, rondele inakunjwa juu ya pembe. Rondele hiyo haikunjwi mara ya pili pale pale ilipokunjwa, itapasuka.

Gupiye iwe mpya kila mara na ijaze tundu lake. Msumari au waya wa kufungia makaa ni jambo la kuondoa siku hiyohiyo unapolikuta. Msumari ni laini, unacheza ndani ya tundu na kukatika bila dalili.

Kwenye Land Cruiser za ekseli nzima ya mbele, piga tochi chini ya nyumba ya kona, mahali mkono wa usukani unapofungwa kwa gujo nne. Zina rondele za koni, na zikilegea kidogo zinaanza kukatika moja moja. Dalili ya mapema ni grisi na mafuta kuvuja hapo, na usukani kutangatanga. Kuzifungua: legeza ekru bila kuitoa, piga mkono kwa nyundo ya shaba, rondele za koni zitaruka. Ukikuta gujo moja imekatika, badilisha zote nne. Tundu la koni la usukani likiwa limepanuka, au gujo zimelegea ndani ya nyumba yenyewe, kazi imeisha kwa upande wako. Ipeleke kwa fundi mwenye uzoefu wa ekseli hizo, na gari liende juu ya gari jingine.

Bulo inakatika

Usiitupe iliyokatika, isome. Uso laini wenye mistari iliyopinda, na kipande kidogo chenye chembechembe, ni uchovu: bulo ililegea kwanza, ikatikiswa, ikakatika polepole. Kuleta bulo ngumu zaidi hakutasaidia. Rudi kwenye sehemu ya kulegea. Shingo iliyopungua unene karibu na pale ilipokatika inaonyesha ilikazwa kupita kiasi, au ilikuwa ya daraja la chini.

Daraja linasomwa kichwani. Za milimita: 8.8 ni ya kawaida ya gari, 10.9 ni ya mahali pazito, 12.9 ni ngumu sana. Namba ya kwanza mara 100 ni nguvu ya kukatika kwa MPa (kipimo cha nguvu kwa eneo), na ya pili ni sehemu ngapi kati ya kumi za nguvu hiyo ambapo inaanza kunyooka bila kurudi. Toyota inaweka namba moja, mfano 7, maana yake 7T. Za UNF na UNC zina mistari: mitatu ni daraja la 5, sita ni daraja la 8. Kichwa kitupu kisicho na alama yoyote kifunge bampa na sahani ya namba, kisiende kwenye usukani, freni, kardani wala mkanda wa kiti. Mikanda ya viti inatumia 7/16 UNF ya nyuzi 20 karibu kwenye magari yote, ya Japani na Ulaya pia. Bulo ya M11 au M12 iliyolazimishwa hapo imeharibu nanga ya mkanda.

Vipimo vya 8.8 nyuzi kavu, kama kitabu cha gari hakipo: M6 Nm 10, M8 Nm 25, M10 Nm 49, M12 Nm 85. Kwa 10.9: M8 Nm 35, M10 Nm 70, M12 Nm 120. Ekru nayo iwe na daraja: 8 kwa bulo 8.8, 10 kwa 10.9. Unapokwenda kununua Birere, mtaa wa biashara wa Goma, beba ya zamani mkononi, jaribu kila ekru juu yake kwa vidole, na usikubali pakiti iliyochanganywa alama.

Usibadilishe 8.8 kwa 12.9 ukidhani umeimarisha: ile ngumu inavumilia kidogo kupinda na kutu. Bulo isiyoshika kutu, yenye alama A2-70, inavutia kwa mvua za hapa, lakini inanyooka mapema kuliko 8.8, na ekru yake ya chuma hichohicho inaweza kushikana nayo wakati wa kukaza hadi ikatwe kwa msumeno. Itumie kwenye bodi, na pasta ya shaba kwenye nyuzi.

Ekru za ekzosi zinadondoka au hazifunguki

Zinazodondoka: mtu aliweka nailoni, ikayeyuka. Weka ekru za chuma za kujibana zilizopakwa shaba, au za shaba nyeupe ndefu. Shaba haishikani na gujo kwa kutu, kwa hiyo itafunguka siku ukihitaji. Kaza injini ikiwa baridi, iwashe hadi ipate moto kamili, iache ipoe, kaza tena mara moja.

Zisizofunguka: mafuta ya kupenya jioni, tena asubuhi, kisha duyi (soketi) ya pembe sita, kamwe siyo ya pembe kumi na mbili. Jaribu kukaza kidogo kabla ya kufungua. Kutu inavunjika pande zote mbili. Bado? Pasha ekru yenyewe moto kwa haraka, siyo gujo, kisha fungua. Mwisho ni kupasua ekru kwa patasi au kipasua-ekru. Gujo au bulo ya 8.8 na kuendelea iliyopata moto hadi kuwa nyekundu haitumiki tena.

Usiwashe moto ukiwa karibu na tangi, bomba la mafuta, kabureta au betri inayochajiwa. Gujo ikikatika ndani ya kichwa cha injini cha alumini, acha. Tundu likitobolewa kwa upande, itabidi kununua kichwa kipya, na fundi wa tono (mashine ya kukereza chuma) anaitoa gujo kwa gharama ndogo kuliko hiyo.

Nyuzi za alumini zimeng'oka

Ni shida ya Kobe na ya kila kifuniko cha gia. Sahani ya mafuta ya Kobe inashikwa na ekru za M6 zinazotaka Nm 7 tu, yaani nguvu ya kiganja kwenye kle fupi. Mafundi wanazikaza kama za gurudumu na gujo zinang'oka. Ukaguzi: gujo inazunguka bila kukaza, au inatoka na unga wa alumini. Dawa ni nyuzi za springi ya chuma, za helikoili. Toboa mm 6.3 kwa M6, 8.3 hivi kwa M8, tumia kikata-nyuzi kinachokuja na seti hiyo, paka grisi kwenye kitobolea ili vumbi la chuma lisidondoke ndani, ingiza springi hadi ikae robo mzunguko chini ya uso. Nyuzi kwenye alumini ziingie angalau mara moja na nusu ya unene wa bulo. Tundu la plagi, na lile la gujo za kichwa cha injini, havifanywi uwanjani.

Frenfile haigandi

Gundi hii inaganda pasipo hewa na panapo chuma. Kama inabaki maji, kulikuwa na mafuta, au nyuzi zimelegea mno kiasi cha kuacha pengo. Osha bulo na tundu kwa asetoni, kausha, weka matone mawili kwa M10, kaza mara moja, usiguse saa 24. Loctite 243 ya bluu inafunguka kwa kle ya kawaida na inafaa sehemu nyingi. 270 inataka moto wa karibu nyuzijoto 250 ili ifunguke, kwa hiyo usiiweke kwenye gujo ya alumini wala mahali utakaporudi. Frenfile ya aina yoyote haiwekwi kwenye ekru ya nailoni, wala kwenye kifungo cha kutolea hewa ya freni, wala karibu na plastiki ya taa, kwa maana inapasua plastiki.